Watu Wanne Ndani ya Pijo

Sajenti Selina Masele alikuwa na tabia moja iliyowakera washukiwa, na wakubwa zake pia. Swali moja aliliuliza mara mbili, na mara ya pili aliuliza akiwa anatazama pembeni, kana kwamba jibu halimhusu kabisa.

"Hiyo mikono mipya uliifunga?"

"Niliifunga, afande," fundi Orwa alijibu.

Selina akageukia dirisha la chumba cha mahojiano. Juu ya ukuta wa kituo alikuwa ametua kunguru. "Uliifunga kweli?"

"Hata ukimuuliza huyo kunguru, jibu ni lile lile."

Selina nusura acheke. Akajikohoza, akafungua jalada upya ingawa alikuwa amelisoma mpaka likamchosha. Gari lenyewe lilikuwa Pijo 504 ya rangi ya maziwa, mali ya Mzee Oyoo wa Mkolani, gari lenye umri mkubwa kuliko Selina. Mikono yake ya mbele, yaani vile vyuma viwili vinavyoyashika magurudumu na bodi visiachane, ilikuwa imelika mpaka gari likawa linagonga njia nzima kama mtu anayetwanga. Mwana wa mzee, Josephat, anayefanya kazi Dar es Salaam, alihangaika hadi akaletewa mikono mipya kutoka ng'ambo. Orwa akaifunga kwenye gereji yake. Siku chache baadaye Josephat akaja likizo, akachukua gari kwenda harusini Magu, na hata Kisesa hakuipita. Mbele kulikuwa kunagonga mpaka usukani unacheza. Fundi wa pale barabarani akachungulia chini, akakuta mikono ya zamani. Mipya haijulikani iko wapi. Josephat hakwenda nyumbani kumuuliza mtu, alikwenda moja kwa moja polisi, na jana jioni Orwa alivuliwa mkanda na viatu akaingizwa mahabusu.

Mkuu wa kituo alikuwa amesema maneno machache tu. Jioni ya leo ikifika bila jipya, jalada linakwenda kwa mwanasheria wa serikali na kesho Orwa anasomewa shitaka la wizi. Selina alijua huko mbele kuna nini. Hata kama mahakama itamwachia, Mkolani haitamwachia. Fundi akishaitwa mwizi wa spea, hakuna atakayemwachia hata baiskeli. Asubuhi hiyo hiyo wateja wawili walikuwa wamekwisha kuja kuburuta magari yao kutoka kwenye gereji ya Orwa, na moja lilikuwa halina injini.

"Ile mikono ya zamani uliipeleka wapi?" Selina akauliza.

Orwa akasema aliiweka kwenye buti la gari lile lile, imefungwa gunia. Ndivyo anavyofanya siku zote, spea iliyotolewa inarudi kwa mwenye gari, aione, aishike, asije akasema hukubadilisha kitu. Mzee Oyoo aliiona kwa macho yake.

"Josephat anasema buti lilikuwa tupu."

"Basi aulizwe aliyelifungua kabla yake." Orwa akapandisha suruali yake. "Lakini afande, usiende kumsumbua mzee. Mzee yule ni mtu safi."

Yuko ndani bila mkanda, suruali inamvuka, na bado anamtetea mteja. Selina aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, akachukua kofia yake, akaondoka.

*

Gereji ya Orwa ilikuwa uwanja wenye mafuta ya miaka na miaka, paa la mabati upande mmoja, na mwamba mkubwa nyuma yake ambao mafundi waliufanya meza. Jirani yake alikuwa Gladness, mama wa makamo mwenye banda la chakula, mwenye mwili wake na kauli yake. Hakungoja kuulizwa. Alisema kama ni mikono mipya yeye ni shahidi, kwa sababu siku ile alikuwa amekaa ndani ya gari.

"Ulikuwa ndani ya gari unafanya nini?"

"Nakaa tu, afande. Ndiyo kazi yangu."

Ikabidi Gladness aeleze taratibu, kwa sauti anayomwelezea mteja anayeuliza kama ugali umeiva. Orwa akibadilisha mikono ya gari, nati za mwisho hazikazi gari likiwa juu ya jeki. Analishusha kwanza likanyage ardhi, halafu anaita watu wanne wenye kilo zao waingie wakae, kama vile wanasafiri. Hapo ndipo analala chini na kukaza. Kwenye mikono kuna raba, wao wanaziita bushi, na raba ile ukiikaza gari likiwa linaning'inia, ukilishusha inajisokota. Haimalizi hata mwezi imechanika. Ndiyo maana Gladness huitwa kila mara, na wala haoni aibu kujulikana kuwa yeye ni mzito, maana ni uzito wenye faida kwa jamii.

Siku ile walikuwa yeye, muuza matairi wa jirani, dada mmoja aliyekuwa anakula pale, na Mzee Oyoo mwenyewe kwenye usukani, amevaa kofia kama anakwenda Musoma. Mikono mipya aliiona ikitolewa kwenye makaratasi, inang'aa, nyeusi tii. Orwa alipomaliza kukaza alipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe kukatiza kila nati na chuma kilicho chini yake. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, naye anajua. Kisha akagonga chini ya gari kwa spana mara tatu, ko, ko, ko, kuwaambia kazi imekwisha, washuke.

"Gari likaenda wapi?"

"Nyumbani kwa mzee. Wala halikurudi tena hapa."

Selina akatazama kikaango cha Gladness. "Halikurudi hapa?"

"Afande, mimi nipo hapa jua likichomoza na likizama. Halikurudi."

*

Nestory, fundi wa Kisesa, alikuwa mwembamba, msemaji, na mwenye wasiwasi. Selina alimweka kwenye orodha yake ya washukiwa tangu njiani. Mtu wa kwanza kusema mikono ni ya zamani ndiye mtu mwenye nafasi nzuri ya kuibadilisha. Pijo lilikuwa bado limesimama mbele ya kibanda chake, safi juu, chini limejaa tope lililokauka.

Tope hilo ndilo lililomwokoa Nestory. Selina alitandika gazeti akalala chini, sare yake na yote, akamulika kwa tochi. Tope lilikuwa limerukia mikono, nati na bodi kwa pamoja, likakauka likiwa ganda moja lisilo na ufa. Mvua ilikuwa imenyesha siku ya harusi asubuhi, na Josephat alikuwa amesimulia madimbwi ya njiani. Nati hizi hazikuguswa na spana tangu gari lilipoyapita madimbwi hayo. Aliyebadilisha, alibadilisha kabla gari halijafika Kisesa.

Akaomba bisibisi, akabandua tope taratibu kwenye nati ya kwanza. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe. Nusu ya mstari ilikuwa juu ya nati. Ile nusu nyingine, iliyopaswa kuwa kwenye chuma cha mkono, haikuwepo. Nati ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Selina alibaki amelala pale huku malori yakipita karibu na kichwa chake. Nati zilikuwa za Orwa, zenye rangi ya Orwa. Mikono haikuwa yake. Kwa hiyo mipya ilifungwa kweli, ikapakwa rangi kweli, halafu mtu akaja kuifungua na kurudisha ya zamani kwa kutumia nati zile zile. Hata hivyo jambo hilo lingeweza kufanywa na Orwa mwenyewe, na mkuu wa kituo angelisema hivyo kabla hajaketi. Akamulika bushi. Raba ilikuwa imejisokota kama nguo inayokamuliwa, na upande mmoja ilikuwa imeanza kuchanika, mpasuko mpya.

"Nestory, hebu lipige jeki."

Nestory akapiga jeki. Gurudumu lilipoacha ardhi na kuning'inia, ile raba ikajinyoosha polepole mpaka ikatulia, imelala sawa. Selina akaomba gari lishushwe. Raba ikajisokota tena. Akaomba lipandishwe. Nestory alianza kuamini kwamba afande amepigwa jua.

Lakini Selina alikuwa anatabasamu pale chini. Nati hizi zilikazwa gari likiwa hewani, na Orwa hakazi gari likiwa hewani, ana watu wake wa kukaa ndani. Aliyefanya kazi hii hakuwa na mtu wa kumwita. Alifanya peke yake, kwa siri, na spana aliijua, ila hakulijua Pijo. Na mwizi gani anahangaika kurudisha vya zamani, tena anakaza mpaka mwisho, ili gari la watu lisije likaanguka?

Alipojiuliza ni nani alikuwa na gari siku zote zile, jibu lilikuwa moja, nalo lilikuwa Mkolani.

*

Josephat Oyoo alimpokea getini na hakutaka aingie. Kijana mwenye shati la kazi za ofisini, alisimama katikati ya njia akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake ana presha, hajaambiwa lolote. Ameambiwa gari limeisha betri Kisesa, basi. Suala la Orwa kukamatwa hajui, na hapaswi kujua.

Kwa muda Selina alimtazama kwa jicho la polisi. Ndiye aliyeleta mikono, ndiye aliyelichukua gari alfajiri wazazi wamelala, ndiye aliyesema buti lilikuwa tupu, na sasa ndiye anayeziba mlango. Kesi nyingi zimefungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Akamuuliza kama amewahi kushika spana. Josephat akaonyesha viganja vyake kwa aibu kidogo, akasema hata tairi hubadilishiwa. Vilikuwa viganja laini kama vya mtoto mchanga, na Selina akamfuta kwenye orodha.

"Nani huyo? Mwache mgeni apite," sauti ikasema kutoka uani.

Mzee Oyoo alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage, na pembeni yake mkewe, Rozina, akisikiliza redio. Rozina alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwanga aliujua, na kivuli cha mtu, zaidi ya hapo hakuona. Selina akawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, akavutiwa kiti. Kabla hajasema neno alikwisha kuona mawili matatu. Kwenye ardhi, chini ya kibanda cha gari, kulikuwa na alama ya mraba ya kitako cha jeki, na mawe mawili yenye mikwaruzo. Na vidole vya mkono wa kulia wa mzee vilikuwa vimechubuka kwenye vifundo, vidonda vinaanza kukauka, vidonda vya mtu ambaye spana ilimponyoka.

"Baba ulikuwa dereva?" Selina akauliza.

Mzee akafurahi. Malori ya pamba, akasema, miaka yote ya ujana wake, Mwanza na Shinyanga na Bariadi, na likiharibika njiani unatengeneza mwenyewe, hakuna wa kumpigia simu.

"Lori ukifunga chini, unakaza likiwa juu ya jeki?"

"Lori? Unakaza popote. Lori halina maringo."

Selina akaitazama redio. "Na Pijo, baba, ulilikaza likiwa juu ya jeki?"

Harage moja likaanguka kwenye sinia, likasikika. Josephat akasogea mbele kumzuia, naye Selina akaona hakuna njia nyingine isipokuwa kusema ukweli wote. Akaeleza kwa upole kwamba gari halijaisha betri. Akaeleza kilichokutwa Kisesa. Mwisho akasema fundi Orwa amelala mahabusu usiku wa jana, na kesho anapelekwa mahakamani kwa wizi wa mikono ile.

Uso wa Mzee Oyoo ulisawijika. Alisimama, akaingia stoo, akatoka na mzigo uliofungwa kwenye koti lake la zamani la kazi. Akaufungua miguuni kwa Selina. Mikono mipya ilikuwa imepakwa grisi kila mahali isishike kutu, na kwenye matundu ya bushi amechomeka vitambaa vumbi lisiingie. Katika miaka yake yote ya kazi Selina hakuwahi kuona kitu cha wizi kilichotunzwa namna ile.

"Mwizi ni mimi," mzee akasema. "Kama mtu anaweza kuiba cha kwake."

"Kwa nini, baba?" Josephat alikuwa karibu kulia.

Mzee alimgeukia mkewe, akazungumza taratibu kama vile wako wawili tu. Tangu macho yalipomwacha, alisema, Rozina alikuwa akilijua Pijo kwa kugonga kwake. Likiwa bado kwenye kona ya miamba, ko, ko, ko, yeye anasema chai iwekwe, mzee amefika, na mzee akiingia getini anamkuta amesimama, amejifunga kanga vizuri, anatabasamu kuelekea upande wa gari. Siku lilipotoka kwa Orwa liliingia kimya. Hakuna aliyesimama. Mzee alishuka, akaita, na Rozina akaanza kulia pale pale, akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala bila kula.

"Nikasema basi, nimemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Nikarudisha ya zamani. Mimi nilikuwa naliendesha hadi kanisani tu, mwendo wa kinyonga. Sikujua huyu atalibeba alfajiri."

Rozina alizima redio.

"Oyoo," akasema. "Mimi sikulilia mlio."

Wote wakamtazama.

"Daktari alisema macho yanaweza kupasuliwa, ukamjibu utafanya liwezekanalo. Wiki ile ile linaingia gari kimya hapa nyumbani, na sauti yako inatoka ndani yake. Nikajua umeliuza Pijo kwa ajili ya macho yangu, umeletwa na gari la mtu. Nikalia. Gari tulilopanda siku ya harusi yetu. Halafu Jumamosi nikasikia unagongagonga kibandani, na Jumapili likagonga tena kwenye kona, ko, ko, ko. Nikamshukuru Mungu, nikajua umeivunja biashara."

"Ndiyo maana ulicheka siku ile."

"Ndiyo maana nilicheka."

Mzee Oyoo akaketi tena kwenye kigoda. Kumbe watu hawa wawili walikuwa wanapendana kiasi cha kuogopana kuulizana swali moja, na kwa woga huo fundi wa watu amelala kwenye sakafu ya saruji. Selina alijifanya anatafuta kalamu mfukoni, na aliitafuta kwa muda mrefu kuliko kawaida ya kalamu.

"Nipe viatu vyangu," mzee akamwambia Josephat. "Twende kwa Orwa."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza mara mbili, akakuna kichwa, akasema sheria ya mtu kujiibia mwenyewe haipo na yeye hawezi kuitunga. Josephat akaandika maelezo ya kuondoa malalamiko yake. Orwa akaletwa, mkanda mkononi, akasimuliwa yote. Mzee Oyoo, mtu wa umri wa baba yake, alisimama mbele yake kaunta nzima inamtazama, akamwomba msamaha.

Orwa alipitisha mkanda kiunoni, akaufunga.

"Mzee," akasema hatimaye, "kwa hiyo ulikaza likiwa hewani?"

"Hewani."

"Loo, mzee wangu." Akatikisa kichwa kwa uchungu mkubwa kuliko aliouonyesha usiku mzima wa mahabusu. "Bushi zitakuwa zimeumia hizo."

Akamshika mzee mkono, wakatoka nje pamoja, huku Josephat akifuata nyuma amebeba viatu vya Orwa.

Kesho yake Pijo liliburutwa kutoka Kisesa hadi gereji, mchana kweupe, lipite mbele ya kila aliyekuwa amesema lolote. Orwa alifunga mikono mipya watu wanatazama. Alipolishusha kutoka kwenye jeki akafuta viganja vyake, akaita watu wake. Mzee Oyoo akakaa kwenye usukani na kofia yake. Rozina akakaa pembeni yake. Gladness akajaza nusu ya kiti cha nyuma, na mtu wa nne akakosekana, kwa kuwa muuza matairi alikuwa na wateja.

"Afande, na wewe una kilo zako," Gladness akasema.

Selina aliyekuja kufunga jalada tu akavua kofia, akaingia. Orwa akalala chini. Walikaa wamenyooka, wametazama mbele, kama wasafiri wa Musoma, huku chuma kikilia chini yao.

"Sasa nitakujuaje ukiwa unakuja?" Rozina akauliza.

Mzee akasema angepiga honi. Rozina akakataa, honi kila mtu anayo. Alifikiri kidogo, kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wa mumewe wenye vidonda, akaukunja ngumi, akaugongesha polepole kwenye mlango wa gari. Ko, ko, ko.

"Ukifika kwenye kona, fanya hivi. Nitaweka chai."

Mzee akarudia mwenyewe, kwa uangalifu, kama mtu anayejifunza kuendesha. Na kabla hajashusha mkono, kutoka chini ya gari, miguuni mwao, spana ikajibu. Ko, ko, ko.

Rozina akageuza uso kuelekea chini, akatabasamu kwa yule asiyemwona.

"Na huyo naye," akasema, "amefika nyumbani."